Kuziba pengo la jino: maswali tunayoulizwa Kigoma

Nimeng'olewa gego. Ni lazima niweke jingine?
Si lazima kila mara. Likiwa gego la mwisho na unatafuna vizuri, acha pengo lilivyo. Pengo la katikati ndilo lenye shida: jino la nyuma yake huliinamia, la juu lililokosa mwenzake hushuka, na nyuzi za samaki kama mgebuka huanza kunasa humo. Ukikaa nalo miaka, nafasi hubana hata jino bandia lisipate pa kukaa.

Nisubiri muda gani?
Kwa jino bandia la kudumu, wiki 6 hadi miezi 3. Baada ya kung'oa, fizi na mfupa husinyaa. Lililotengenezwa mapema hulegea na kuhitaji kurekebishwa.

Nichague lipi?
Anza kwa kuangalia meno jirani, kisha mfuko.

La kuvaa na kuvua ni la plastiki, lina vishikio vya waya, na ndilo la bei nafuu. Daktari hukung'atisha dawa laini ili apate umbo la meno, kisha hulijaribisha kabla ya kulikamilisha. Jirani halichongwi. Kwa watu wengi hili linatosha, wala halimzuii mtu kubadili baadaye.

Daraja, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani, hugandishwa moja kwa moja, lakini meno mawili ya jirani huchongwa milimita 1 hadi 2 kila upande ili yavishwe kofia. Yakiwa mazima kabisa, ni hasara kubwa: kilichochongwa hakirudi, na jino likioza chini ya kofia unapoteza daraja zima. Yakiwa tayari yamezibwa sana, daraja lina maana.

Kipandikizi ni skrubu ya titani ndani ya taya. Hakigusi jirani, ila ni ghali, na mfupa huchukua miezi 3 hadi 6 kukishika kabla ya kuvishwa jino. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari ya kipandikizi kutoshikana na mfupa. Kama utawekewa Dar es Salaam, uliza kwanza nani atakukagua ukirudi Kigoma. Safari ya reli kila skrubu inapolegea si jambo dogo.

La kuvua hutunzwaje?
Livue usiku, lisugue kwa brashi laini na sabuni ya kawaida, liloweke kwenye maji safi ya baridi. Maji moto hulipinda. Dawa ya meno hulikwaruza. Lioshe juu ya beseni lenye maji, likiponyoka lisivunjike. Ukilala nalo kila siku, kaakaa huwa jekundu kwa fangasi. Mahindi ya kuchoma yapukuchue, usiyang'ate kwa meno ya mbele.

Kuna fundi mtaani anayegandisha jino siku hiyo hiyo. Vipi?
Usikubali. Humimina plastiki mbichi na kuibana kwenye meno mazima. Haivuliki, haisafishiki, uchafu hukaa chini yake, fizi huoza. Tunaowapokea baadaye, aliyekuja na pengo moja huondoka na matatu. Kama tayari unalo, usilichokonoe mwenyewe kwa kisu. Daktari hulikata taratibu bila kung'oa jirani.