Sauti tatu si theluthi ya bei

Jumamosi kijana mmoja alipanda ngazi za studio yangu hapa Kansanga, Kampala, akaweka flashi mezani. "Kaka, hii ni minimal techno, ina sauti tatu tu. Nifanyie nusu ya bei ya pop." Minimal techno ni muziki wa dansi wa mashine, wenye sauti chache zinazojirudia. Kijana huyu ni wa nne tangu Pasaka kuniomba hivyo. Naandika ili wa tano asome kabla hajapanda ngazi.

Eti sauti chache, kazi kidogo. Uongo mtupu! Kwenye pop mzigo anaubeba mwimbaji. Kiki, lile pigo zito la ngoma, ikiwa dhaifu, gitaa likigombana na kinanda, nani atajua? Masikio yote yako kwenye maneno, na kabla hujachoka kiitikio kinakuja kufunika madhambi. Mwondoe mwimbaji, bakiza kiki, besi na hai-hati (vile visahani vinavyolia "ts-ts"), uone: kila kosa ni doa kwenye kanzu nyeupe.

Kiki ya yule kijana ilikuwa na mkia mrefu, na besi ilianza kabla mkia haujaisha, zote mbili zikigombania hezi 50, yaani sauti ya chini sana. Kwenye simu husikii kitu. Kwenye spika kubwa ni lori lililokwama matopeni. Nikaukata mkia, nikaichelewesha besi milisekunde chache, nikasikiliza, nikairudisha kidogo. Saa mbili nzima zikaishia kwenye sauti mbili.

Bado mabadiliko. Kwa mapigo 128 kwa dakika, baa 32 (kila baa mapigo manne) ni dakika moja kamili, na humo hamna ubeti wala kiitikio. Kuna hai-hati inayofunguka polepole, basi. Ikifunguka upesi umeharibu. Isipofunguka, watu wanakwenda kununua bia.

Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka mnichoke: zima skrini, toka nje, usikilizie kwenye ngazi. Ile michoro ya mawimbi kwenye kompyuta haichezeki.

Wengine huniambia minimal ni pop iliyonyolewa. Pop ukiitoa mwimbaji unabaki na karaoke. Mtayarishaji Robert Hood alipotoa rekodi yake Minimal Nation mwaka 1994, alichokuwa anakipunguza ni techno yenyewe, ile iliyozaliwa kwao Detroit, Marekani, na ambayo kwa maoni yake ilikuwa imejaa makelele.

Kwamba pop na techno ni maadui, hilo nalo waambieni waliocheza "I Feel Love" ya Donna Summer mwaka 1977. Besi ya mtayarishaji wake, Giorgio Moroder, ni ya mashine na inajirudia kama cherehani, na wimbo ukashika namba moja Uingereza. Kevin Saunderson, mmoja wa waasisi wa techno, aliingia kumi bora hukohuko mwaka 1988 na kundi lake Inner City, mwimbaji akiwa mbele kabisa. Huko Cologne, Ujerumani, Kompakt, lebo ya techno, ina mfululizo mzima unaoitwa Pop Ambient. Ni ndugu hawa, wanaazimana nguo.

Na wanaosema techno ni "muziki wa Wazungu"? Waasisi wake, Juan Atkins, Derrick May na huyo Saunderson, ni Wamarekani weusi. Tuendelee.

Yule kijana alirudi jioni, akasikiliza akiwa kwenye ngazi kama nilivyomwelekeza, akalipa bei kamili. Kisha akaniuliza kama naweza kumwekea kiitikio.