Je, wajua? Gorila anaweza kupita mbele ya macho yako usimwone

Mwambie mtu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwamba gorila anaweza kukatiza mbele yake, akasimama, akajipiga kifua, kisha akaenda zake bila yeye kumwona. Atakucheka. Kwa watu wa huku gorila si mnyama wa kwenye vitabu tu: mbuga ya Kahuzi-Biega iko karibu na mji, na dume lililokomaa, lile lenye mgongo wa kijivu, hufikia kilo 200 hivi. Nani ashindwe kuliona pande la mnyama kama hilo?

Kumbe karibu nusu ya watu hushindwa. Mwaka 1999 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya Chuo Kikuu cha Harvard. Walirekodi video fupi ya timu mbili za watu watatu watatu, moja imevaa fulana nyeupe na nyingine nyeusi. Kila timu ina mpira wake wa kikapu, inapasiana yenyewe kwa yenyewe, na wote wanazungukazunguka mahali pamoja hadi wanapishana. Mtazamaji alipewa kazi moja: ahesabu pasi za timu moja, za nyingine aachane nazo. Mchezo ukiwa umenoga, anaingia mtu aliyevaa vazi la gorila kuanzia kichwani hadi miguuni. Anapita katikati ya wachezaji na kutokea upande wa pili.

Mwishoni mtazamaji anaulizwa amehesabu pasi ngapi, halafu anaulizwa kama kuna kitu kingine alichokiona. Karibu nusu walisema hakuna. Kwenye toleo jingine la video gorila alisimama katikati, akageukia kamera, akajipiga kifua, akaondoka polepole. Muda wote huo ni sekunde 9, na bado nusu hawakumwona. Waliporudishiwa video ileile wengine walibisha, wakidai wamebadilishiwa. Mwaka 2004 utafiti huo ulipata tuzo ya Ig Nobel, inayotolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba macho yao hayakufika alipo gorila. Lakini mtafiti wa Ujerumani, Daniel Memmert, alilipima jambo hilo mwaka 2006. Aliwaonyesha watoto video ileile wakiwa wamefungwa kifaa kinachofuata mwendo wa macho. Wale waliosema hawakuona gorila walikuwa wamemkazia macho kwa muda wa kama sekunde moja, karibu sawa na wale waliomwona. Jicho lilifika, taarifa ikaingia, na mwenye jicho hakupata habari.

Ili kuelewa hilo, inabidi kwanza tuache kudhani kwamba jicho ni dirisha, kila kilichopo nje kinaingia. Nyoosha mkono wako mbele, utazame ukucha wa kidole gumba. Eneo la ukubwa huo hivi ndilo unaloliona kwa usahihi wa kusoma herufi ndogo. Kinachobaki pembeni ni ukungu wa rangi na miendo. Hatuuhisi ukungu huo kwa sababu macho yanarukaruka kama mara tatu kila sekunde, yanaokota kipande hapa na kipande pale, na ubongo unaunga. Ipo hata sehemu ya jicho isiyoona kabisa, pale mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo unapotokea nyuma ya jicho. Mfaransa Edme Mariotte aliigundua miaka ya 1660. Ukitaka kuishuhudia, chora msalaba kwenye karatasi, na upande wake wa kulia, sentimita 8 mbali, chora nukta nene. Funga jicho la kushoto, kaza jicho la kulia kwenye msalaba, kisha isogeze karatasi polepole kuelekea usoni. Karatasi ikiwa kwenye kama sentimita 30 hivi, nukta inatoweka, na mahali pake huoni shimo. Unaona karatasi nyeupe, safi. Ubongo umeziba pengo bila kukuomba ruhusa.

Kwa hiyo picha ya dunia tuliyonayo kichwani imechaguliwa, na anayechagua ni kazi tuliyo nayo wakati huo. Ushahidi mzuri umo ndani ya jaribio lenyewe: walioambiwa wahesabu pasi za timu nyeusi walimwona gorila kwa wingi zaidi kuliko waliohesabu za timu nyeupe. Gorila ni mweusi. Waliokuwa wakifuata vitu vyeusi walimpokea pamoja na wengine, na waliokuwa wakivitupa vitu vyeusi pembeni walimtupa naye.

Usiende mbali kutafuta mfano. Simama kidogo karibu na meza ya kambiste, mbadilisha fedha, mjini. Mama anafika na noti ya dola ishirini, anataka faranga. Kambiste anaiinua juani, anaigeuza, anapitisha kidole kwenye kingo zote nne, maana huku kwetu dola yenye mpasuko hata mdogo wa kona haina anayeitaka. “Mama, hii iko na fasi ya kupasuka.” “Aa papa, angalia muzuri, iko nzima.” Wanainamisha vichwa wote wawili, na wewe uliyesimama pembeni unajikuta umeinama pia. Dunia nzima imekuwa kona ya noti moja. Mkoba wa mama uko begani, umefunguka, na aliyesimama nyuma yake anaweza kuwa mtu yeyote. Mwizi wa mifukoni wa soko la Kadutu hajasoma saikolojia darasani, lakini saa ya kazi yake anaijua vizuri: ni pale unapokuwa na kitu cha kuhesabu au cha kukagua.

Tusiulaumu ubongo, lakini. Pale Kadutu, katikati ya wabeba mizigo wanaopiga kelele wapishwe, muziki wa simu, harufu ya samaki na mikono inayokuvuta uje ununue, kama ungepokea kila kitu kwa uzito mmoja usingeweza kuhesabu noti tatu zikatimia. Uwezo wa kuyatupa mengine ndio unaotufanya tumalize jambo. Ila hautoi taarifa ya vilivyotupwa, na hapo ndipo unapotuponza, kwa sababu mtu huamini kwa dhati kwamba kitu kikubwa au cha ajabu kingemshtua tu.

Waulize motari, waendesha pikipiki za abiria. Kila mmoja ana hadithi ya dereva wa gari aliyekata kona mbele yake, kisha akashuka akiapa, “Niliangalia, sikukuona.” Motari huona huo ni uongo wa kukwepa kulipa, na mara nyingine ni uongo kweli. Lakini ajali za aina hiyo watafiti wanazifahamu vizuri. Mwaka 2007 Steven Most na Robert Astur waliwaweka watu kwenye mashine ya kuigiza udereva, wakawaambia kwamba kila wakifika njia panda wafuate mshale wa rangi fulani, wengine wa njano, wengine wa bluu. Kwenye njia panda moja pikipiki iliwaingilia ghafla. Pikipiki ilipokuwa na rangi tofauti na ya mshale waliokuwa wakiutafuta, waliigonga mara nyingi zaidi kuliko ilipofanana nao. Dereva anayetafuta mwanya kati ya magari anatafuta magari, na pikipiki inapita kwenye jicho lake kama hewa.

Kesi iliyonigusa zaidi kuliko zote ilitokea Boston, Marekani, usiku mmoja wa Januari 1995. Polisi walikuwa wakiwakimbiza washukiwa wa mauaji. Askari mmoja mweusi aliyevaa kiraia, Michael Cox, alikuwa karibu amkamate mshukiwa kwenye uzio, lakini askari wenzake wakamdhania kuwa ndiye mhalifu, wakampiga vibaya sana. Askari mwingine, Kenny Conley, alipita karibu kabisa na pale, akaruka uzio, akamfukuza mshukiwa na kumkamata. Alipoulizwa baadaye nani alimpiga Cox, alijibu kwamba hakuona kipigo chochote. Nani angemwamini? Mwaka 1998 alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki, akahukumiwa kifungo cha miezi 34. Baada ya miaka ya rufaa hukumu ilitenguliwa.

Chabris, Simons na wenzao wakaamua kulijaribu jambo hilo barabarani, wakatoa matokeo mwaka 2011. Mwanafunzi alikimbia nyuma ya mtu umbali wa mita 400, akiwa mita 9 nyuma yake, huku akihesabu ni mara ngapi mtu huyo anajigusa kichwa. Pembeni mwa njia watafiti waliwapanga vijana wawili wanaojifanya wanampiga wa tatu, kwa makelele na kukohoa. Usiku waliouona ugomvi huo walikuwa asilimia 35. Mtu atasema ni giza. Wakarudia mchana kweupe: asilimia 56. Yaani mchana, jua likiwaka, wanne kati ya kila kumi walipita kando ya mtu anayepigwa wasijue. Hilo peke yake halithibitishi kwamba Conley alisema kweli, maana hakuna jaribio linaloweza kuingia kichwani mwa mtu mmoja usiku ule. Linaonyesha tu kwamba aliposema hakuona, alisema jambo linalowatokea watu wa kawaida.

Pengine unadhani wataalamu wameponea. Mwaka 2013 madaktari 24 waliozoea kusoma picha za mwili walipewa picha za mapafu watafute vivimbe vidogo vya saratani. Kwenye baadhi ya picha hizo watafiti walibandika kigorila, kikubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 hawakukiona, na zaidi ya nusu ya hao 20 macho yao yalikuwa yametua palepale kilipo. Walikuwa wakitafuta vivimbe, wala si wanyama. Sikio nalo halijapona: mwaka 2012 watafiti wa London waliwapa watu sauti za mazungumzo mawili, ya wanawake na ya wanaume, wakawaambia wafuate ya wanawake tu. Akapita mwanamume akirudia kwa sekunde 19, “Mimi ni gorila.” Asilimia 70 hawakusikia neno.

Sasa wewe uliyesoma hadi hapa umeshaujua mtego. Je, umepona? Simons alilifikiria hilo, na mwaka 2010 akatoa video mpya akijua kwamba wengi wameshasikia habari za gorila. Kweli, walioijua ile ya zamani walimwona gorila bila shida. Lakini gorila alipokuwa anapita, pazia la nyuma lilibadilika rangi na mchezaji mmoja akatoka nje. Waliojua habari za gorila hawakuyaona mabadiliko hayo vizuri kuliko wasiojua. Walikuwa wamejiongezea kazi ya pili tu: kumvizia gorila.

Kinachosaidia kidogo ni mwenzako. Ira Hyman na wenzake, wa chuo kikuu kimoja kwenye jimbo la Washington, Marekani, walimtuma mtu aliyevaa kama mchekeshaji, mwenye pua kubwa nyekundu, aendeshe baiskeli ya gurudumu moja kwenye uwanja ambao wanafunzi hukatiza. Wapita njia waliulizwa kama wamemwona. Matokeo yalitoka mwaka 2010: waliokuwa wakiongea na simu, asilimia 25 tu walisema ndiyo. Waliotembea peke yao bila simu, karibu nusu. Waliotembea wawili wawili, asilimia 71. Kuongea kwenyewe, basi, si tatizo, maana hata hao wawili walikuwa wakipiga gumzo. Aliye upande wa pili wa simu haoni njia unayopita wala hajui lini anyamaze. Anayetembea nawe anaona unachokiona, na wewe ukizama kwenye hadithi yeye atakuvuta shati.