Ushuhuda si orodha ya mafanikio

Kila Jumapili, katika makanisa mengi ya hapa Kampala, mtu hupewa maikrofoni "atoe ushuhuda", naye hutaja kiwanja alichonunua Mukono, viza iliyotoka, mtoto aliyefaulu mtihani. Watu hupiga makofi, yeye hukaa. Sina neno na kiwanja cha mtu. Kumshukuru Mungu hadharani ni jambo jema, na lina jina lake: shukrani. Shida huanza tunapoiita ushuhuda, kwa maana mwenye msiba usiokwisha hujiona hana la kusimamia kusema.

Ushuhuda ni kusimulia jambo lililopita, liwe la kwako au la watu wako, mbele ya wengine, na kueleza namna ulivyomwona Mungu ndani yake. Basi. Uzito wote uko kwenye neno "lililopita", maana halitoi ruhusa ya kuchagua yale yaliyoisha vizuri tu.

Desturi hii tumeirithi kwa walokole wa mwanzo, yaani Wakristo waliookoka katika uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza, walikutana Namirembe, kilima cha hapa Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho uliwaka Gahini, Rwanda, ambako Church alikuwa akifanya kazi hospitalini, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Mlokole aliposimama kushuhudia alianza na dhambi yake, tena aliitaja kwa jina: niliiba, nilizini, nimemchukia fulani. Wapo waliorudisha hata vitu walivyoiba. Akimaliza, wenzake waliitikia kwa "Tukutendereza Yesu" (Kiganda, "Tunakusifu Yesu"), na mpaka leo wimbo huo ukianzishwa msibani hakuna anayetafuta kitabu.

Msimuliaji huyo hakujifanya shujaa wa habari yake mwenyewe. Aliyekosewa huenda alikuwa amekaa humo humo, mke au jirani, na aliweza kumwambia: ndugu, hujamaliza, sema na lile lingine. Huko ndiko walikokuita kutembea nuruni. Ulikuwemo ukali pia, na wako walioumizwa na hukumu za ndugu, hilo halifichiki. Hata hivyo, simulizi lilibaki kitu ambacho watu wa karibu nawe wangeweza kukipima. Habari ya kiwanja haipimwi na mtu, hupigiwa makofi tu.

Mambo ni hayo hayo kwa simulizi tulizo nazo kwa pamoja. Mwezi wa sita mahujaji hufika Namugongo, karibu na Kampala, kwa miguu, wengine kutoka Kenya na Tanzania, kuwakumbuka vijana Wakristo waliofungwa ndani ya matete na kuchomwa tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga. Majina ya Karoli Lwanga na Kizito hata mtoto anayajua. Ni wachache wanaowataja Denis Kamyuka, Simeon Sebuta na Charles Werabe. Hao nao walihukumiwa, wakatembezwa hadi Namugongo pamoja na wenzao, kisha wakaachwa hai. Hawakuvikwa taji. Walichobaki nacho ni kile walichokiona, wakakisimulia, na bila watu kama hao tungekuwa na orodha ya majina tu. Kwangu mimi, wao ndio kielelezo kamili cha neno hili.

Tena ardhi ile ina habari ya zamani zaidi. Katika miaka ya 1870, chini ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, waliuawa Waislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu. Mkristo anayesimulia Namugongo akaanzia kwa Mwanga ameruka sura nzima, na jirani yake Mwislamu anajua kwamba ameiruka.

Ukweli ndio unaonikera zaidi unapochezewa. Janani Luwum aliokoka mwaka 1948 katika uamsho ule ule wa walokole, akaja kuwa Askofu Mkuu wa Kianglikana. Tarehe 16 Februari 1977 aliuawa, na serikali ya Idi Amin ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari. Jeneza lilipofunguliwa kijijini kwao Mucwini, Acholi, kaskazini mwa Uganda, waliokuwepo waliona matundu ya risasi. Amri isemayo "Usimshuhudie jirani yako uongo" huwa tunaiachia mahakama, lakini inatuhusu hata madhabahuni. Anayezidisha deni alilodaiwa ili muujiza ung'ae, au anayeongeza ugonjwa ambao daktari hakuuona, anatafuta sauti ya Mungu katika jambo ambalo halikutokea. Hataipata humo.

Huko huko Acholi wapo wazazi ambao watoto wao walichukuliwa na waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) na hawajarudi mpaka leo. Mzazi wa namna hiyo akisimama akasema, "Bado ninamwomba, na bado ninamwekea nafasi yake nyumbani", ameshuhudia. Hakuna kilichopungua. Hatuna haki ya kumngoja afikie "lakini Bwana akatenda" ndipo tumpe amina yetu.

Kwa hiyo, ndugu unayeongoza ibada, mwenye kiwanja mpe nafasi yake, ila ujulishe kanisa kwamba anakuja kushukuru. Na ukifika wakati wa ushuhuda, acha kuuliza, "Nani ametendewa makuu wiki hii?" Swali hilo limeshawachagua watu kabla hawajainuka. Uliza, "Nani ana jambo lililompata, na angependa tulibebe pamoja naye?" Kisha mwache aseme mpaka pale alipofikia, na usimkamilishie.