Paseki ilitoka kwenye lenzi iliyokatwa katikati

Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, fumba jicho la kushoto. Sasa badilisha jicho. Kidole kimeruka mbele ya ukuta ingawa hukukisogeza, na ukikileta karibu na pua kitaruka zaidi. Mruko huo wanaastronomia tunauita paralaksi, na kwa huo tunapima umbali wa nyota, kwa kipimo kiitwacho paseki.

Kwa nyota, macho mawili hayatoshi. Tunapima leo, tunarudia baada ya miezi sita, Dunia ikiwa imehamia ng'ambo ya Jua, kilomita milioni 300 hivi kutoka ilipokuwa. Nusu ya mruko huo ndiyo pembe tunayoiandika.

Wa kwanza kutangaza paralaksi ya nyota iliyokubalika alikuwa mwanaastronomia Friedrich Bessel, mwaka 1838, mjini Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad. Alitumia heliomita, darubini ya kupimia pembe ndogo, kutoka karakana ya fundi wa lenzi Fraunhofer. Ujasiri wa mafundi wale hunishangaza hadi leo: unasugua lenzi ya upana wa sentimita 16 mpaka haina doa, halafu unaikata katikati! Kila nusu hutoa taswira yake. Bessel alizungusha skrubu, nusu moja ikateleza ubavuni mwa mwenzake, mpaka taswira ya nyota yake ikaikalia ya nyota jirani. Kipimo alikisoma kwenye skrubu.

Alichagua 61 Cygni, nyota hafifu, kwa sababu ilikuwa ikihama angani haraka kuliko nyingi, dalili kwamba iko karibu. Akapata pembe ya sekunde 0.314, si sekunde za saa bali za pembe. Digrii moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo ni kama kutazama sarafu ya sentimita 2.5 iliyo kilomita 16 mbali nawe.

Ndiyo maana, kuliko mwaka wa nuru (umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka), mimi napenda paseki, neno alilolipendekeza mwanaastronomia Herbert Hall Turner mwaka 1913. Nyota yenye paralaksi ya sekunde 1 iko umbali wa paseki 1, yaani miaka ya nuru 3.26. Unagawa 1 kwa pembe, basi. Kwa pembe ya Bessel unapata paseki 3.2, vipimo vya leo vinasema 3.5. Alikosea kwa asilimia 10 hivi, kwa jicho na skrubu.

Jaribu na Rijili Kantori, ile nyota angavu ya kusini: pembe yake ni sekunde 0.75, hivyo paseki 1.3. Mwanaastronomia Thomas Henderson aliipima akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833, kabla ya Bessel, ila alichelewa kutangaza hadi 1839. Kila nikiiona angani namkumbuka yeye.