Yai Halingoji Koo: Kuangua Vifaranga Nyumbani Katika Joto la Lamu

Mwishoni mwa kaskazi, msimu wetu wa joto, niliitwa na mama mmoja wa mtaa wa Langoni. Koo wake, yaani kuku jike wa kuatamia, alikuwa amelalia mayai 14, na vifaranga vilivyotoka ni vinne tu. Siku hiyo ilikuwa ya 23. Koo alikwisha shuka na watoto wake uani, na mayai 10 yamebaki kiotani, yamepoa. Mama alikuwa ameshakata shauri: koo huyu hafai, Ijumaa anachinjwa.

Nilimwomba sinia, tukakaa kitako uani, tukayavunja moja moja. Mawili yalikuwa maangavu kabisa, hayana dalili yoyote ya kiumbe. Hayo hayakupata mbegu ya jogoo. Moja lilikuwa viza, tukalitenga kwa harufu. Saba yaliyobaki yalifanana kama mapacha: juu ya kiini kuna pete nyembamba ya damu, duara kama uzi, imekwisha geuka rangi ya kahawia.

"Mama, mayai haya uliyaweka wapi kabla hujampa koo?"

"Juu ya kabati la jikoni, mwanangu. Nilikusanya siku 12 hivi, mpaka yakafika idadi."

Pete ile ya damu ndiyo iliyonifanya niulize. Ina maana kiumbe kilianza kukua, mishipa ikatandaa, kisha kikafa katika siku chache za mwanzo. Koo hakuwa na kosa. Mayai yale yalikuwa yamechoka kabla hajayakalia.

Watu wengi hudhani yai ni kama mbegu kavu, ukiliweka limelala, ukilipasha joto linaamka. Yai limekwisha amka zamani. Kabla ya kutagwa limekaa kama siku nzima ndani ya mwili wa kuku wenye joto la nyuzi 41 hivi, na siku linapotoka, kile kidoa cheupe juu ya kiini kina maelfu ya seli tayari. Likipoa chini ya nyuzi 20 au 21, ukuaji husimama na kiumbe hungoja salama. Lakini jikoni Lamu, mwezi wa pili na wa tatu, kuna saa ngapi za nyuzi 20? Hakuna hata moja. Mchana kabati lile hupita nyuzi 30. Joto hilo halitoshi kuangua, na limezidi kwa kulaza. Kiumbe hukua kwa kusuasua, bila mpangilio, na kila siku inayopita kinadhoofika. Vitabu vingi vya ufugaji vinavyosomwa hapa vinaruhusu kuweka mayai siku 7 hadi 10, navyo vinasema kweli, ila kweli hiyo ni ya chumba chenye nyuzi 15 hadi 18.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa watu wa pwani wakati wa joto ni siku nne, basi. Kama kuku wako wawili hawawezi kutoa mayai 12 kwa siku nne, ungana na jirani au mlalishe koo kwa mayai manane. Mayai manane mabichi yatakupa vifaranga vingi kuliko 14 yaliyochoka.

Mahali pa kuyaweka tunapo, tena pazuri kuliko kabati. Nyumba za mawe za mji huu zina kuta nene, na vidaka, yale mashubaka ya ukutani, vya chumba cha chini, upande usiopigwa na jua la alasiri, ni baridi kuliko sehemu yoyote ya nyumba. Asiye na nyumba ya mawe aweke bakuli la mchanga mbichi kivulini, karibu na mtungi wa maji, na kikapu cha mayai juu yake. Unyevu wa pwani haumwachii mtungi kupoa kama bara, lakini nyuzi mbili tatu zinazopungua zina faida. Ncha iliyochongoka ielekee chini. Usiyaoshe, yai lina utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda, na ukiuosha umewafungulia wadudu mlango. Doa likikauka lipanguse kwa kitambaa kikavu, na yai lililochafuka sana lipeleke kwenye kikaango. Friji ya nyumbani iache. Baridi yake ya nyuzi 4 inaumiza kiumbe kwa upande wa pili.

Nimeulizwa mara nyingi, na ni swali zuri: mbona kuku aliyejificha kichakani hutaga wiki mbili, hakuna anayemhifadhia mayai, na siku moja anarudi na vifaranga 10? Kwanza, hachagui juu ya kabati. Huchagua udongo wa kivulini, chini ya majani, ambapo ardhi yenyewe hupoza. Pili, kila akija kutaga hukaa juu ya yale ya jana, akayapasha joto kamili, kisha akaondoka yakapoa. Joto kamili la muda mfupi halidhuru yai. Kinachodhuru ni vuguvugu la kutwa kucha.

Safari nayo ina madhara yake. Mayai mengi ya kuangua hapa mjini hutoka Mpeketoni na Hindi, yakashuka kwa gari hadi Mokowe, yakavuka kwa boti, na pengine yakamalizia juu ya punda. Nimeyaona kwenye trei zilizo wazi, boti imesimama gatini ikingoja abiria, saa sita mchana. Safirisha alfajiri, funika kwa kitambaa cha rangi nyeupe, tandika maranda ya mbao au nyasi kavu. Ukifika usiyaweke chini ya koo siku hiyohiyo. Yapumzishe hadi kesho yake, ncha chini, ili chumba cha hewa, ile nafasi tupu iliyo upande butu wa yai, kilichotikisika kikae sawa.

Koo wa yule mama hakuchinjwa. Alipotaka kulalia tena ilikuwa ni msimu wa kusi; safari hii tukampa mayai tisa ya siku nne kutoka kidakani, vikatoka vifaranga vinane. Sitasema ni kidaka peke yake. Kusi nayo ina baridi yake, na ndiyo maana mwenye nafasi ya kuchagua ningemshauri aangue kipindi hicho.

Kuhusu koo mwenyewe sina mengi, kwa sababu kazi yake anaijua kuliko sisi. Mwekee kiota usiku, ndani ya kapu pana lenye mchanga mkavu na nyasi, na majani ya mwarobaini chini yake kwa ajili ya utitiri. Mayai yasizidi yale anayoyafunika yote kwa mbawa. Akishuka mara moja kwa siku, nusu saa hivi, kula, kunywa na kujisaidia, mwache. Kama una koo wawili wanaotaka kulalia, waanzishe usiku mmoja. Vikitoka, vifaranga vyote apewe mmoja, na mwenzake arudi kutaga mapema. Na wanaofuga kienyeji walioboreshwa wajue kwamba kuku hao hutaga sana lakini wengi wao hawana hamu ya kuatamia. Mayai yao, na hata ya kuchi wako, yule kuku mrefu wa thamani, yaaminishe kwa koo wa kawaida aliyewahi kulea.

Siku ya saba usiku, toboa kijitundu kwenye boksi, weka tochi ya simu ndani, pitisha mayai juu yake. Lililo hai lina mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lenye mwanga mtupu au pete ya damu litoe.

Sasa mashine. Vijana wengi wananunua mashine ndogo za kuangulia, za mayai 50 au 100, na kilio ninachokisikia ni kimoja: siku ya 21 vifaranga vimekamilika ndani ya ganda, vina manyoya, vina mdomo, vimekufa. Ukivunja, maji yanatiririka. Mwenye mashine huniambia alifuata maelekezo yote, alijaza mifereji ya maji bila kukosa hata siku moja.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Kwa siku 18 za mwanzo yai linahitaji unyevu wa asilimia 50 hivi ndani ya mashine. Aliye mahali pakavu hana budi kujaza maji ili aufikie. Lakini hewa yetu imebeba bahari. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiiingiza mashineni ikapashwa hadi nyuzi 37.5, bado inabaki na karibu asilimia 47 bila wewe kuweka tone. Ukijaza mifereji yote miwili, umezidisha. Yai lazima lipoteze maji, asilimia 12 hivi ya uzito wake hadi siku ya 18, ili chumba cha hewa kipanuke na kifaranga kipate pumzi yake ya kwanza humo. Lisipopoteza, kifaranga huzama.

Usiamini kipimo cha bei rahisi kilichokuja na mashine, amini mizani. Pima mayai 10 kwa pamoja siku ya kwanza. Yakiwa gramu 450, siku ya 18 yawe karibu na 396. Pima kila baada ya siku sita: kila mara yapungue kama gramu 18. Yakipungua polepole, toa maji. Yakipungua upesi, ongeza. Kuanzia siku ya 18 acha kuyageuza, jaza maji hadi unyevu ufike asilimia 65 au 70, funga, na usifungue mpaka vitoke. Kabla ya hapo yageuzwe angalau mara tatu kwa siku.

Mashine isiwekwe chumba cha mabati. Stima ikikatika, usihangaike sana. Funika kwa blanketi, kwani hali ya hewa yetu ya nyuzi 28 hupoza mayai taratibu, na kiumbe huvumilia baridi ya saa chache. Joto ndilo lisilosamehe. Yakipita nyuzi 40 kwa muda mfupi tu umepoteza kazi ya wiki.

Vifaranga vikitoka, adui wa kwanza yuko juu ya paa: kunguru wa Kihindi. Tenga la kufunikia koo na watoto wake kwa wiki nne za mwanzo, lenye matundu madogo, litaokoa wengi kuliko dawa yoyote. Maji yawe matamu. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na kifaranga hakina figo za kuimudu. Kama nyinyi wenyewe hamyanywi, nacho kisipewe. Vivyo hivyo vichwa vya ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi: ni protini, ndiyo, lakini ile chumvi inaua. Tumia mabaki ya samaki wabichi, yachemshwe, yakaushwe, yasagwe, yachanganywe na unga wa vifaranga. Machicha ya nazi ni ya siku hiyohiyo. Yakilala yanaweza kuota ukungu wenye sumu.

Na kideri, ugonjwa wa Newcastle. Kikiingia mtaani kinaweza kumaliza banda zima ndani ya wiki, na hakina tiba. Chanjo ni tone moja la jicho, kifaranga akiwa na wiki moja au mbili, kisha kurudia kila miezi mitatu. Chupa moja ya chanjo ni ya kuku mia au zaidi, na ikishachanganywa lazima iishe siku ileile, kwa hiyo mwenye kuku wanane huona ni hasara akaacha. Pitieni nyumba kwa nyumba mtaani kwenu, hesabuni kuku wote wakiwemo wa wasiotaka bado, chagueni asubuhi moja kabla kuku hawajafunguliwa, kisha mtume mtu mmoja ofisi ya mifugo na chupa ya chai (thermos) yenye barafu, ailetee chanjo.