Si kila mama wa kambo alikuwa mkatili tangu mwanzo

Wengi huamini kuwa mama wa kambo katika hadithi za watoto amekuwa katili tangu enzi na enzi, na kwamba hadithi zinasema tu ukweli wa maisha. Si katika kila hadithi. Jacob na Wilhelm Grimm, ndugu wawili wa Kijerumani, walipochapisha hadithi ya Snow White, binti wa mfalme anayeonewa wivu kwa uzuri wake, mwaka 1812, aliyetaka binti auawe alikuwa mama yake mzazi. Ni katika toleo la 1819 ndipo alipogeuzwa mama wa kambo. Lawama ikahamishiwa kwa mgeni wa nyumba, na hapo imekaa mpaka leo.

Hilo linaniuma, maana mtoto ambaye baba yake ameoa tena huzisikia hadithi hizo akiwa na hofu tayari. Hadithi inayomfaa haihitaji kumfanya mama wa kambo malaika, hata kidogo. Imwonyeshe mtoto anayekataa kuchanwa nywele na mikono mipya, kwa sababu anaona akikubali atakuwa amemsaliti mama yake. Hapo hamchukii mtu, anaogopa kusahau. Wala si lazima kufikia ukurasa wa mwisho awe anamwita “mama”.