Fanya mwenyewe sio kukariri namba

Neno fanya mwenyewe, au DIY kama wengi tunavyoliandika, siku hizi limebebeshwa mambo ambayo sio yake. Mtu katengeneza soda ya tangawizi mara moja huku anasimamisha video kila hatua, anasema keshajifunza. Mwingine kapakua app ya kuhesabu hedhi, anasema sasa anaujua mwili wake. Ukimuuliza yeyote kati yao "umejuaje kama iko tayari" au "umejuaje kama leo ni salama", jibu linakuja kwa namba. Siku tatu. Siku ya 14. Namba ikishatajwa mjadala umeisha, na ukiendelea kuuliza unaonekana mkorofi. Nimelisikia hili mara nyingi mno ndo maana naandika, kwa sababu huku chupa inaweza kukupasukia na kule unaweza kubeba mimba ambayo hukuipanga, na yote mawili yanaanzia kwenye neno moja lililoeleweka vibaya.

Maana yake kwa kifupi: fanya mwenyewe ni ujuzi wa kufanya kazi ambayo kwa kawaida ungemtegemea mtu mwingine akufanyie, ukiwa unaelewa kinachoendelea kiasi cha kuamua mwenyewe lini uanze, lini uache na lini umwite anayejua zaidi. Hiyo inatosha. Kununua vifaa hakumo kwenye hiyo maana, kufuata maelekezo kunaweza kukufikisha huko lakini bado hujafika. Ukitaka kumjua mwenye ujuzi mbadilishie hali kidogo tu, mwambie joto la chumba limepanda, au mwezi huu hedhi imechelewa wiki nzima kwa sababu aliumwa, uone anafanya nini. Aliyekariri atarudi kwenye namba yake. Anayejua ataanza kuuliza maswali.

Sasa tuingie kwenye hiyo siku ya 14, ile inayosemwa kwamba ndo siku yai la kila mwanamke linatoka, maana hapa ndo watu wanaumia zaidi. Imetoka wapi? Miaka ya 1920 madaktari wawili waliokuwa mbali kabisa, Kyusaku Ogino wa Japani mwaka 1924 na Hermann Knaus wa Austria miaka michache baadaye, kila mmoja kwa njia yake aligundua kwamba yai halitoki ovyo ovyo, linatoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi INAYOFUATA. Soma tena hapo. Kabla ya inayofuata, sio baada ya iliyopita. Wao walihesabu kurudi nyuma. Sasa kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, ukitoa 14 unabaki na 14, namba zinafanana, na watu wakaibeba hiyo 14 wakaanza kuihesabu kwenda mbele kuanzia siku ya kwanza ya hedhi kana kwamba kila mwili umepewa kalenda moja. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake linatoka karibu na siku ya 21. Mwenye siku 24 ni karibu na siku ya 10. Wote wawili wakiambiwa siku ya 14 wamedanganywa, na mmoja amedanganywa kwa hatari zaidi kuliko mwenzake.

Alafu kuna mbegu za mwanaume, zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5 zikisubiri, wakati yai lenyewe likishatoka linaishi saa 12 hadi 24 tu. Ndo maana dirisha la kushika mimba ni kama siku 6, tano kabla na siku yenyewe. Rudi kwa yule wa siku 24 anayetoa yai siku ya 10, toa 5, umefika siku ya 5, ambayo kwa wengi damu ndo inaishia au bado ipo. Yaani ule usemi kwamba ukitoka tu kwenye hedhi uko salama, kwake hauna ukweli kabisa, na hakuna mtu aliyemwambia kwa sababu kila mtu anamtajia 14.

Na kurudi nyuma nako kuna shida yake ambayo ni lazima tuiseme, huwezi kuhesabu kutoka kwenye hedhi inayofuata wakati haijaja. Unachoweza ni kukisia kwa mizunguko iliyopita. Kipindi cha baada ya yai kutoka huwa hakibadiliki sana, kinachovutwa na kufupishwa ni kile cha kabla, na kinavutwa na mambo ya kawaida kabisa, ugonjwa, msongo wa mawazo, safari, kunyonyesha. Kwa hiyo kalenda peke yake inakupa makisio hata ukiihesabu vizuri, na app ambayo hujaiwekea kitu kingine zaidi ya tarehe za hedhi ni kalenda hiyo hiyo yenye rangi nzuri.

Ujuzi unaanzia pale unapojifunza kusoma dalili zenyewe. Ziko mbili kubwa. Ya kwanza ni ute wa mlango wa kizazi, ambao daktari John Billings wa Australia alianza kuufanyia kazi miaka ya 1950, na mkewe Evelyn, naye daktari, akajiunga naye baadaye. Baada ya hedhi wengi wanakuwa wakavu, kisha ute unaanza, mzito mzito, alafu kadiri yai linavyokaribia unakuwa mwepesi, wa kuteleza, unavutika kati ya vidole kama ute mweupe wa yai la kuku, na baada ya yai kutoka unarudi kuwa mzito au unakauka. Ya pili ni joto la mwili, linapimwa asubuhi kabla hujanyanyuka kitandani, na baada ya yai kutoka linapanda kidogo sana, nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi, likabaki juu mpaka hedhi ije.

Angalia sasa hizi dalili mbili zinasema vitu tofauti, na hili watu wa kukariri hawalioni. Ute unakuambia dirisha linafunguka. Joto linakuambia limeshafungwa, na ndo maana wanaofundisha njia hii wanataka uone siku tatu mfululizo za joto la juu kuliko siku sita zilizotangulia kabla hujaamini. Mtu anayepima joto peke yake akisubiri lipande ndo ajue siku za hatari zimeanza, amelisoma kinyume, likipanda yai limeshatoka. Alafu joto hilo hilo linapandishwa na homa, na kulala vibaya kunalivuruga. Ute nao ukiwa na harufu mbaya, rangi ya ajabu au muwasho huo sio ute wa uzazi tena, nenda kapimwe. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango dalili hizi hazisomeki, maana kazi kubwa ya vidonge vingi ni kuzuia yai lisitoke kabisa, na ile damu ya kila mwezi sio hedhi ya kawaida. Hivi vyote ndo kuujua mwili. Ni kazi ya miezi, unaandika kila siku, na ikiwezekana uwe na mtu aliyefundishwa wa kukuangalizia chati zako za mwanzo.

Sisemi namba hazina kazi. Kuna njia ya siku maalumu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, ile inayotumia shanga za mzunguko, inasema jihadhari kuanzia siku ya 8 hadi ya 19. Hiyo ni namba ya heshima kwa sababu inakuja na sharti lake waziwazi, ni kwa mwenye mzunguko wa kati ya siku 26 na 32 tu, ukitoka nje ya hapo sio yako. Namba yenye sharti lake ni elimu. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kikizijumlisha njia hizi zote za kufuatilia siku za uzazi kinataja kwamba katika matumizi ya kawaida wanawake 2 hadi 23 kati ya 100 hupata mimba ndani ya mwaka. Pengo la 2 na 23 ni kubwa mno, na sehemu yake kubwa inategemea ni njia ipi unaifuata na unaifuata vipi. Na hakuna hata moja kati ya hizi inayokukinga na magonjwa ya zinaa, kwa hilo kondomu iko palepale.

Kwenye soda ni kosa hilo hilo limebadilisha nguo tu. Soda ya nyumbani unaweza kuitia gesi kwa njia mbili. Moja ni kusukuma gesi ya kaboni dayoksaidi kutoka kwenye mtungi iingie kwenye maji ya baridi, hapo unayeamua kiasi ni wewe. Ya pili ni kuiacha chachu au hamira ijilie sukari, itoe gesi ndani ya chupa iliyofungwa. Gesi ni ile ile, mwanasayansi wa Uingereza Joseph Priestley mwaka 1767 pale Leeds alitengeneza maji yake ya kwanza ya gesi kwa kuyaweka juu ya mapipa ya bia iliyokuwa inachacha. Ila kwenye njia ya pili umefunga kiumbe hai ndani ya chupa na yeye hana habari na video uliyoangalia.

Ukiambiwa "siku tatu" uliza siku tatu za joto gani. Kwenye chumba cha nyuzi 30 chupa inaweza kujaa gesi ndani ya siku moja, kwenye nyuzi 18 inaweza kuchukua siku kadhaa. Alafu kuna hesabu ambayo kila mtu anayechachua anapaswa kuijua. Gramu 4 za sukari zikiliwa zote na chachu zinatoa kama gramu 2 za gesi, ambayo ndani ya lita moja ya kinywaji ni ujazo mmoja wa gesi, yaani kama lita moja ya gesi kwa lita moja ya kinywaji. Soda za kawaida zina kama ujazo 3.5 hadi 4, maana yake gramu 16 hivi za sukari zinatosha kabisa. Lakini wewe umeweka gramu 100 kwa lita ili iwe tamu. Gramu 84 zilizobaki haziko pale kwa ajili ya utamu tu, kwa chachu hicho ni chakula, na ukiiachia itaendelea kula na presha itaendelea kupanda hadi chupa ishindwe. Ndo maana chupa za kioo zinapasuka. Friji haiui chachu, inaipunguza kasi tu, kwa hiyo soda ya kuchachua inakaa kwenye friji na inanyweka mapema, sio ya kusahau kabatini.

Dalili ya kusoma hapa ni rahisi kuliko ya mwili. Jaza chupa moja ya plastiki kutoka kwenye mchanganyiko huo huo, ifunge, iweke pamoja na nyingine. Kila unapopita ibonyeze. Ikiwa bado inabonyea, subiri. Ikiwa ngumu kama ilivyo soda ya dukani kabla haijafunguliwa, zote ziende kwenye friji saa hiyo hiyo hata kama ni siku ya kwanza. Mi ningeshauri anayeanza atumie chupa za plastiki pekee, kioo aje nacho baadaye, kiwe kile kizito cha kuhimili presha. Ukiona ukungu wenye manyoya juu, mwaga. Na ujue kilevi kidogo kinakuwemo siku zote kwa sababu chachu inatoa gesi na kilevi kwa pamoja, kwa hiyo unayempa ambaye hatumii kilevi mwambie kabla hajanywa.

Kuna kosa la pili dogo ambalo linaenda na hili, kwamba fanya mwenyewe maana yake ni bila mtaalamu. Hapana. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kujihudumia kiafya mwaka 2019, ambao uliangalia hasa afya ya uzazi, lilieleza kujihudumia kuwa ni uwezo wa watu kulinda afya zao na kukabiliana na maradhi kwa msaada wa mhudumu wa afya AU bila msaada huo. Mfano mzuri ni kipimo cha kujipima VVU, unajipima mwenyewe chumbani, ila kikionyesha una maambukizi unatakiwa kwenda kupimwa tena na mhudumu ili kuthibitisha, na kwenda huko ni hatua mojawapo ya kujipima, hakuna aliyeshindwa hapo. Hata kikundi cha wanawake wa Boston, Marekani, waliokutana mwaka 1969 kwenye semina wakaanza kujifundisha kuhusu miili yao, kila mmoja alichukua mada akaenda kuisoma kwenye vitabu vya udaktari, wakairudisha kwenye kikundi wakailinganisha na yanayowatokea wenyewe, mwaka 1970 wakatoa kijitabu chao. Hapakuwa na mtu aliyekaa peke yake akabahatisha.

Kwa hiyo ukifuata video leo ukapata soda nzuri, sema umetengeneza soda, ni kweli na ni jambo la kufurahia. Neno la kwamba umejifunza liache mpaka utakapoifanya joto likiwa tofauti, sukari ikiwa tofauti, na bado ukajua lini uiweke kwenye friji. Na wenye app, badala ya "app imesema yai limetoka jana" semeni "app inakadiria yai limetoka jana", alafu muangalie ute na joto lenu vinasemaje kabla hamjaamua chochote usiku huo.